Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msuluhishi wa Nje na Mazungumzo ya Arusha

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninawasilisha taarifa ya mwaka huu, ambao sehemu kubwa ya kazi yetu ilihusu swali mliloliibua katika mkutano mkuu uliopita, yaani nafasi ya msuluhishi wa nje pale mahasimu wanapokubali kuketi pamoja. Kikundi cha mafunzo kilichagua mazungumzo ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi, yaliyofanyika Arusha, kwa kuwa yalisimamiwa na wasuluhishi wawili wasiofanana.

Mwalimu Julius Nyerere aliyafungua Juni 1998. Aliijua Burundi vizuri, lakini ujirani huo ulikuwa na gharama: Tanzania ilikuwa imepokea wakimbizi wengi wa Burundi, tena ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoiwekea vikwazo serikali ya Pierre Buyoya baada ya mapinduzi ya Julai 1996, hivyo serikali hiyo ilimshuku kwamba anaegemea upande mmoja. Hata hivyo, ni yeye aliyeyagawa mazungumzo katika kamati, ya asili ya mgogoro, ya demokrasia na utawala bora, ya amani na usalama, ya ujenzi mpya na maendeleo, na mgawanyo huo ndio ulioupa mkataba umbo lake. Kazi hii ya subira, nionavyo, haijapewa heshima inayoistahili, labda kwa sababu haina cha kupigwa picha.

Baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999, Nelson Mandela alishika usukani. Yeye aliwakaripia viongozi wa Burundi hadharani, akaibana serikali kuhusu wafungwa wa kisiasa na kambi walimokusanywa raia. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baadhi ya vyama vikisaini shingo upande. Makundi ya waasi ya CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, yaliyokuwa na wapiganaji msituni, hayakusaini, na vita viliendelea. Kundi la kwanza lilipatana na serikali mwaka 2003, la pili likasaini usitishaji mapigano Dar es Salaam mwaka 2006.

Kwa kuwa waliobaki nje ya mkataba ndio walioendelea kupigana, Kamati inapendekeza kwamba wasuluhishi wetu wasikubali mwaliko wowote kabla ya kujua ni nani ameachwa nje na kwa nini. Wajumbe wawili walipinga, wakisema kumsubiri kila mwenye silaha ni kumkabidhi ufunguo wa amani. Hoja yao ina uzito, nami sikutaka ifungwe kwa kura ya Kamati. Italetwa kwenu katika mkutano mkuu ujao, na Katibu atapokea maoni ya maandishi hadi wakati huo.