Mchezaji wa dola milioni 700 na mpwa wangu wa Uyole

Ndugu Mhariri,

Juzi kinyozi wangu hapa Uyole aliniacha na nusu kichwa ili apate kubishana vizuri. Redio ilikuwa imemtaja Shohei Ohtani, Mjapani anayecheza besiboli Marekani, kwamba Los Angeles Dodgers walimsajili Desemba 2023 kwa dola milioni 700 kwa miaka 10. Kwa dola ya wakati ule ni zaidi ya shilingi trilioni 1.7. Kinyozi akainua mashine juu: "Mzee, hata apige mpira ukadondokee Chunya, hakuna binadamu wa bei hiyo!" Benchi zima likamuunga mkono. Mtu aliyenyolewa upande mmoja hana nguvu ya kubisha, nikanyamaza. Naomba nafasi nijibu leo.

Besiboli naijua kidogo. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyetuchongea rungu la mkaratusi, na mpira tukaushona wenyewe kwa matambara na vipande vya tyubu ya baiskeli. Alituambia mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika 10 ni bingwa. Tukacheka. Tena wapigaji ni 9 na wanakwenda kwa zamu, kwa hiyo huyo bingwa naye anapata nafasi 4 au 5 tu kwa mechi, halafu anakaa kusubiri kama wenzake.

Sasa, kazi yangu ni viazi. Mkaanga chipsi wa Dar es Salaam hanipi bei nzuri kwa kuwa nimemletea viazi. Viazi atavipata hata Njombe. Ananiongezea kwa sababu vyangu havinywi mafuta. Wamarekani nao wanampima mchezaji hivyohivyo: anaipa timu ushindi mara ngapi zaidi ya mtu wa kawaida ambaye wangemwokota kwa mshahara wa chini kabisa? Nyota wa kweli huongeza ushindi kama 8 hadi 10, katika msimu wa mechi 162.

Kwa hesabu hiyo kinyozi hakukosea sana. Kabla ya Dodgers, Ohtani alikaa Los Angeles Angels misimu 6, pamoja na Mike Trout, nyota mwingine wa kutisha, na hawakufika hatua ya mtoano hata mara moja. Mwaka 2002 Oakland, timu ya mfuko mwembamba, ilishinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo. New York Yankees, waliolipa mishahara karibu mara tatu ya hiyo, walishinda 103 hizohizo.

Ila Dodgers hawakununua upigaji peke yake. Kwanza, katika zile milioni 700, anapoichezea jezi yao wanamlipa milioni 2 kwa mwaka. Milioni 680 zitalipwa kati ya 2034 na 2043. Mkopo wa namna hiyo mimi ningeupata, ningenunua Fuso tatu kesho. Pili, mwaka 2024, akiwa hawezi kurusha mpira (maana yeye hupiga na kuwarushia wapigaji pia) kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, alipiga mipira 54 ya kuvuka uzio na kuiba besi 59 (yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kusubiri mpira upigwe), jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikia, na timu ikachukua ubingwa. Kampuni za Japani nazo zikaleta matangazo yao uwanjani.

Ninachomwambia kinyozi ni hiki: fedha hizo za tiketi, runinga na matangazo zipo, Ohtani apewe au asipewe. Asipopewa, zinabaki kwa mwenye timu, na huko saluni sijawahi kusikia mtu akiuliza kama mwenye timu anastahili. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Mkataba wa besiboli ulimfunga mchezaji kwa timu moja. Ukiisha, timu inaurefusha itakavyo au inamuuza bila kumuuliza. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis, akaambiwa amehamishiwa Philadelphia. Akakataa, akaandika kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani. Alikuwa akilipwa kama dola 90,000 kwa mwaka, na akazipoteza. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yake. Kifungo chenyewe kilifunguliwa Desemba 1975, kupitia wachezaji wengine. Mishahara hii ya kutisha imeanzia hapo.

Nayasema haya kwa sababu ya mpwa wangu. Ni winga, wa mpira wetu huu wa miguu. Alionwa siku moja uwanja wa Sokoine, na timu moja ya madaraja ya chini, ambayo siitaji, ikamsainisha karatasi mbili juu ya boneti ya gari, mvua ikinyesha. Nakala hakupewa. Msimu uliofuata akauzwa. Yeye alipata jozi ya viatu na nauli ya basi; bei aliyouzwa tuliisikia kwa dereva wa timu, na mpaka leo dada yangu anaitaja kwa kunong'ona.

Basi, Mhariri, dirisha la usajili likifunguliwa na waandishi wako wakituletea habari za mamilioni, waulize na mstari mmoja zaidi: mchezaji mwenyewe ameondoka na ngapi, na nakala ya mkataba anayo?

Muuza viazi,
Uyole, Mbeya