Kaka, usiniulize bei

Kaka shikamoo,

Najua unasoma hii ukiwa dukani saa nane mchana, feni inazunguka na mteja hakuna, kwa hiyo muda unao. Nimerudi Dar juzi usiku, na kabla hujanipigia kuniuliza nimeona fursa gani huko nikaona bora nikuandikie hapa hapa hadharani, maana kwenye simu we ndo huwa unaongea na mi naitikia tu.

Kwanza lile swali lako la siku naondoka, "likizo Iringa, Iringa kuna nini?" Kaka, kuna baridi. Baridi ya mwezi wa saba, ile ya asubuhi unafungua mlango wa gesti unaongea na mdomo unatoa moshi, maji ya bomba unayaogopa kama polisi. Hilo tu lilinitosha, mengine yote yalikuwa nyongeza.

Safari yenyewe niliipima kwa kroshia. Kitambaa nilikianza Chalinze, Mikumi pale hifadhini basi zima likahamia upande mmoja kwa ajili ya tembo watatu nikapoteza hesabu ya mizunguko ikabidi nifumue mistari miwili, Ruaha Mbuyuni neti za vitunguu zikaanza kuingilia madirishani, af Kitonga hapo sikufuma kabisa maana ukiangalia lile bonde na yale malori yanavyopanda polepole mikono yenyewe inakataa. Nafika stendi Igumbilo kitambaa kimefikia saizi ya sahani. Sasa baba mmoja aliyekuwa siti ya pembeni, kimya tangu Morogoro, anashuka ananiangalia anasema, "Hicho utauza shilingi ngapi?"

Nilicheka peke yangu, nikakukumbuka.

Unakumbuka mwaka juzi ulivyonitafutia ile oda ya seti sita za vitambaa vya makochi? Ulifurahi, ukanitengenezea na picha ya tangazo yenye namba yangu, mpaka wifi akaiweka status. Hela niliipata sikatai, ndo niliyolipia kodi. Lakini mwezi mzima nilikuwa natoka kazini nafuma mpaka saa saba usiku, mteja mmoja anataka krimu mwingine anataka dhahabu mwingine anasema mbona maua yamekuwa makubwa, na nilipomaliza ile oda nilikaa miezi saba sijaigusa kroshia. Miezi saba kaka! Kitu nilichofundishwa na mama nikiwa darasa la nne. Hilo sijawahi kukwambia.

Basi Iringa nilikuwa na siku sita na sikuwa na ratiba. Siku ya pili nikaenda kwenye mitumba kutafuta sweta la kuvaa, nikaishia kununua mawili, moja la kuvaa na moja la kufumua. Usishangae, sikuhizi wengi wanafanya hivyo, uzi wa dukani wenye sufu ya kweli ni ghali na wa mitumba unaupata kwa elfu tatu umeshonwa tayari kuwa sweta. Ila kuna kitu sikujua. Nililibeba lile la bluu zuri kweli, nimefika gesti nimekaa kitandani na mkasi nafungua ubavuni, nikivuta uzi unakuja kipande, navuta tena kipande, kila mstari unakatika ukifika pembeni, dakika ishirini nimezungukwa na vipande vya bluu utadhani nimenyoa kondoo. Kumbe sweta zile za kiwandani zilizokatwa kama kitambaa af zikashonwa na mashine ya overloku, ubavuni uzi wote umeshakatwa, huambulii kitu. Unatakiwa ugeuze ndani uangalie mshono kwanza, ukiona pindo safi halina zile nyuzi za zigizaga ndo lenyewe, hilo ukiligusa linafumuka mpaka mwisho bila kubisha. Kesho yake nikarudi nikapata la kahawia, hilo lilikubali. Unazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, unafunga sehemu nne usijivuruge, unaufua na kuuanika na kitu kizito chini (mi nilining'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu) ili mawimbi yanyooke. Dada wa mapokezi alikuwa anapita anaangalia ile chupa inaning'inia kwenye kamba ya nguo, hakuuliza.

Jirani na gesti kuna mama mmoja, mtu mzima, kila jioni anakaa barazani anasuka vikapu vya milulu. Unavijua, vile vya Iringa vinavyouzwa Dar kwa bei ya kukutoa machozi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, siku ya pili nikajitutumua na "kamwene" yangu ya kuokoteza, ile salamu ya Kihehe, akacheka akanisogezea kigoda. Akanianzishia kitako, ndo sehemu ngumu, af akaniachia. Milulu ni majani tu ya majimajini yaliyokaushwa, inabidi uilowanishe kidogo isikatike, unapishanisha moja mbele moja nyuma, mbele nyuma, na kosa langu ni lile lile la kroshia, nakaza mno. Mama akaangalia akasema, "Mwanangu, unakaza kama unafunga mbuzi." Nikalegeza, kikaanza kwenda upande. Nikakaza, kikajikunja. Tulikaa hivyo jioni tatu, yeye anamaliza vyake mi nahangaika na kimoja, giza likiingia anawasha jiko la mkaa tunasogea, mahindi yanachomwa, hatuongei sana. Kaka, sijui nikuelezeje, ila kwenye zile jioni tatu sikuwaza mishahara ya mtu wala ripoti ya mwisho wa mwezi hata mara moja.

Na usinielewe vibaya, yule mama anauza, na Neema Crafts pia nilienda, pale wanafanya kazi watu wenye ulemavu, walianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi. Karatasi ya kinyesi cha tembo, na siyo utani, nimenunua kadi nikanusa, hainuki. Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa ishara au unaandika, nikajifunza kusema asante kwa mkono. Wale kazi ya mikono ni ajira yao na bei waulizwe kabisa tena walipwe vizuri, watu wasiombe punguzo pale. Mi mshahara wangu upo, mdogo lakini upo. Mi nataka kitu kimoja tu maishani ambacho hakina mteja.

Sehemu za kutembelea nilizipitia harakaharaka, Boma la Mjerumani ambalo siku hizi ni makumbusho, Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lile lililorudishwa 1954 kutoka Ujerumani, hapo hata mi muongeaji nilinyamaza. Ila Isimila nilikaa. Ni kama kilometa ishirini kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya, wote wanakwenda kupiga picha kwenye zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, na kweli ni nzuri, mi nikakwama kwenye mawe. Wataalamu walichimba pale 1957 na 1958 wakakuta mashoka ya mawe ya watu wa kale mengi kweli, yamechongwa huku na huku mpaka pande mbili zinalingana, mengine makubwa hadi unajiuliza mtu aliyashikaje. Sasa shoka la kukatia nyama si lazima lilingane pande zote, nyama haijali. Nikasimama pale nikamuwaza huyo mtu, amekaa kandokando ya maji anagonga jiwe, ameshapata makali tayari, kazi imeisha, na bado anagonga kidogo upande huu ulingane na ule. Nina uhakika alikuwa na kaka yake pembeni anamuuliza hilo jiwe utabadilisha na nini.

Jioni ya mwisho nikapanda Gangilonga na sweta langu la mtumba. Kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, wanasema Mkwawa alikuwa anapanda kusikiliza. Mi sikusikia kitu zaidi ya upepo na vijana wanaopigana picha, mji wote chini unawaka taa moja moja. Nikafuma mistari kumi vidole vikafa ganzi nikashuka.

Ulanzi ulioniagiza, ile pombe ya mianzi, hakuna, nilikwambia ulanzi ni wa masika hutaki kusikia. Kikapu changu kiko jikoni, kinaegemea upande kama mtu aliyetoka kuunywa huo ulanzi, nimekitia vitunguu vya Mbuyuni upande mmoja ndo kimetulia. Ule uzi wa kahawia nimeuanzia sweta lako, nimeshamaliza mgongo. Utalivaa wapi na joto hili la Dar mi sijui, labda ukienda Lushoto. Mwambie wifi anitumie kipimo cha mkono wako kuanzia begani mpaka kwenye kifundo, na apime yeye, wewe utajipunja.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako