Kona ya sebule yako si digrii 90, ndo maana twataka kuja kupima kwanza

Kila wiki hakosi mteja atakayetutumia urefu wa kuta kwa WhatsApp, ati nikatieni konisi (ile mbao ya urembo ya pale ukuta ukutanapo na dari) nipitie jioni. Tutakata, lakini kona ikiacha mwanya usitulaumu.

Juzi tuliitwa Tudor hapa Mombasa kwa mama mmoja, fundi alompigia konisi alikata zote digrii 45 vile mashine ya kukatia imeandikwa, basi kona ya juu ya mlango ukichomeka shilingi yaingia yote. Akajaza fila, ile dawa ya kuziba nyufa, akapaka rangi, haikumaliza miezi mitatu fila ikapasuka. Tulipoweka kipimo cha kona, ukuta ulikuwa 92! Hiyo haikatwi 45, yakatwa 44 kila upande, yaani wagawanya 92 kwa mbili wapata 46 kisha waitoa kwa 90. Digrii moja tu. Na zile nyumba za Mji wa Kale za mawe na chokaa ndo usiseme, chumba kimoja kona nne na kila moja na tabia zake.

Konisi yasumbua kuliko skatin, ile mbao ya chini ya ukuta, kwa sababu haisimami bapa ukutani, imeinama kati ya ukuta na dari. Ukiilaza kwenye mashine lazima uzungushe meza ya mashine na bledi (msumeno wake) pia uiinamishe: ile inayoinama digrii 38 kutoka ukutani, kona ikiwa 90 kamili, meza ni 31.6 na bledi 33.9. Inayoinama 45, meza ni 35.3 na bledi 30. Changanya hizo namba uone mbao zinavyoisha. Zile ndogo sisi twaziegemeza juu chini, upande wa dari ukae mezani, hapo wazungusha meza tu basi.

Kona za ndani twachonga. Kipande kimoja chaenda mpaka ukutani, cha pili chafuatishwa umbo la mwenziwe kwa kasumeno kembamba, maana mbao ikikauka kona iliyokatwa mshazari hufunguka, hii ya kuchonga haionyeshi sana. Ni kazi ya mkono, ndo hapo bei yapanda kidogo, hatufichi.

Halafu mbao ikiletwa ikalazwa ndani siku kadhaa kabla ya kupigwa msidhani fundi mvivu, yazoea hewa ya nyumba, hasa kama chumba ni cha AC na nje ni hili joto letu.

Kupima hapa kisiwani ni bure, Likoni wachangia nauli. Makochi tu mtusogezee, ngazi yataka nafasi.