Televisheni haikuanzia Dar es Salaam

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ilisema televisheni "iliingia nchini mwaka 1994". Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Ilikuwa vilevile.

Mwaka 1994 ndipo Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza, yaani CTN, DTV na ITV, baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 kuwafungulia mlango watu binafsi. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na neno "nchini". Nchi hii ina Unguja na Pemba, na huko watu walikuwa wakitazama Televisheni Zanzibar, TVZ, miaka ishirini kabla. Vitabu vingine hutaja 1973, vingine 1974, na mimi sitagombana na mtu kwa sababu ya miezi. Kwa hesabu yoyote ile, mtoto aliyezaliwa siku kituo kile kinafunguliwa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu Dar es Salaam ilipopata cha kwake.

Tena kilikuwa cha rangi. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, iliwasha televisheni yake ya kwanza Januari 1976. TVZ inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, na ilikuwa ya visiwa viwili vyenye watu wasiofika nusu milioni. Kituo kidogo cha watu wachache, kinachozungumza nao Kiswahili chao wenyewe.

Iliwezekanaje? Mwandishi wenu angeuliza hilo, makala yake ingenoga. Jibu la kwanza ni karafuu. Miaka ile bei ilikuwa nzuri na hazina ya Zanzibar ilikuwa na fedha za kigeni, zilizotoka zaidi kwenye mikarafuu ya Pemba. Huwa nawaambia wanangu kwamba televisheni ya kwanza ya nchi hii ilinunuliwa na mchumaji aliyekuwa juu ya mti na pakacha lake, ambaye pengine hakuwahi kumiliki seti. Jibu la pili ni la kisheria. Utangazaji haukuwa jambo la Muungano. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, na Bara ikabaki na redio. Serikali ya Zanzibar upande wa pili wa maji ikaamua yake. Muungano mmoja, na katika suala hili kila upande ukaenda na lake.

Lakini mawimbi hayajui mambo ya Muungano. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu haya sijayaona yakiandikwa na gazeti lolote.

Mimi ni wa Bagamoyo. Kutoka kwetu hadi mjini Unguja ni kama kilomita 45 za bahari, bila kilima wala jengo katikati. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kinachoyakata ni mviringo wa dunia. Ukiinua antena juu vya kutosha, unaupita huo mviringo. Usiku wa joto, bahari ikiwa shwari, hewa ya juu ya maji huyapinda mawimbi kidogo na kuyafikisha mbali kuliko kawaida. Sisi hatukuyajua hayo kwa jina lake la kisayansi. Tulijua tu kwamba kuna usiku "Unguja inaingia" na kuna usiku haiingii.

Katikati ya miaka ya 1980, Zanzibar ilipolegeza biashara, mjomba alirudi na televisheni aliyoinunua Darajani, mjini Unguja. Inchi 14, nyeusi na nyeupe, imezungushiwa blanketi mbili na kukalishwa juu ya mapaja yake njia nzima kama mtoto mgonjwa. Umeme kwake haukuwapo, kwa hiyo ilitumia betri ya gari. Antena aliitengeneza mwenyewe kwa mabomba membamba ya alumini na kifuniko cha sufuria ambacho mkewe alikitafuta kwa wiki nzima. Boriti mbili za mkoko zilifungwa moja juu ya nyingine kwa kamba, zikasimamishwa nyuma ya nyumba na kuvutwa kwa waya tatu ili upepo usizilaze.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha. Nakaa nje gizani, nimeikumbatia boriti, mbu wakinila miguu, na mawasiliano na waliomo ndani ni kwa kupiga kelele dirishani.

"Bado?"

"Chenga tupu!"

"Na hapa?"

"Sauti ipo, picha hakuna! Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!"

Usiguse maana yake ni kwamba ukiiachia, picha inaondoka. Nimesikiliza taarifa nyingi za habari za TVZ nikiwa nje, nimeshika mti.

Ndani, watoto wa jirani walikuwa wamekwishanawa miguu, maana hilo lilikuwa sharti la mke wa mjomba, na wamepangwa jamvini kwa kimo. Juu ya kioo kulibandikwa ile karatasi ya plastiki yenye rangi tatu, buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini, ambayo wasomaji wenu wa umri wangu wataikumbuka. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha rangi kusini mwa Sahara sisi tulikiona na rangi za kubandika. Msomaji wa habari alikuwa na paji la uso la buluu na kifua cha kijani. Betri ikianza kuchoka, picha ilinywea kutoka pembeni, mtangazaji akawa mwembamba, akawa mdogo, mwishowe akabaki sauti. Kesho yake betri inabebwa begani kwenda kuchajiwa.

Sitaki kuipamba TVZ. Ilikuwa ya serikali na ilisema ya serikali. Hotuba zilikuwa ndefu, na tulizivumilia kwa sababu baada ya hotuba huenda ikaja taarabu au mchezo wa kuigiza. Vituo vya 1994 vilipokuja na sinema na mpira wa Ulaya, nyumba nyingi za pwani yetu ziligeuza antena kuelekea Dar es Salaam ndani ya wiki moja. Na kwetu iligeuzwa. Niliizungusha mimi mwenyewe.

Hata hivyo, mchezo wa kuigiza ule ulikuwa na watu wanaosema kama shangazi yangu wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, waliovaa kama yeye, wanaogombana juu ya mambo yaleyale ya uani. Mtoto wa Bagamoyo wa wakati huo, akiiona televisheni kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliiona ikisema lugha yake. Hakudhani kamwe kwamba televisheni ni kitu cha Wazungu. Hilo si jambo dogo, na wenzetu wengi katika Afrika hawakulipata. Ninapowasikia wataalamu wakizungumzia "maudhui ya ndani" kama kitu kilichobuniwa juzi kwenye semina, nacheka peke yangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata kwa zamu, na kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Mwaka 2013 TVZ na Sauti ya Tanzania Zanzibar ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, na lile jina la TVZ likaondoka kwenye pembe ya kioo. Siku hizi picha ama ipo safi ama haipo kabisa. Chenga zenyewe, zile nukta nukta za kioo kisicho na picha, wajukuu hawazijui, ukizitaja wanafikiri unazungumzia mchele.

Naomba mambo mawili, mhariri. La kwanza ni dogo: chapeni sahihisho. Mkiandika 1994, andikeni "Tanzania Bara". Herufi nne tu hizo, b-a-r-a, hazitaujaza ukurasa.

La pili litawagharimu nauli ya boti. Mafundi, watangazaji na waigizaji walioanza na TVZ wakiwa vijana wa miaka ishirini sasa wamepita sabini. Mtumeni mwandishi Unguja, na mwingine Pemba, akae nao na kinasa sauti. Awaulize walijifunzia wapi kazi ya kamera katika nchi ambayo haikuwa na televisheni, na walifanya nini kifaa kilipoharibika usiku wa Idi. Aulize pia upande huu wa maji, Bagamoyo, Saadani, Pangani, kwa watazamaji ambao kituo kile hakikujengwa kwa ajili yao.

Akifika kwetu nitampeleka nyuma ya nyumba ya mjomba. Boriti ya juu iliondoka na upepo zamani. Ya chini bado imesimama, wameifunga kamba, wanaanikia kanga, na ukiipapasa kwa usawa wa kifua cha mtoto wa miaka kumi na miwili utaikuta imelainika.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Bagamoyo