Ami, tikiti iwe ya mwisho wa Aprili

Shrewsbury, Uingereza

Ami, shikamoo. Nisalimie wote hapo Kibokoni, Mombasa.

Kuhusu safari yako ya kuja kutazama ndege wa porini na maua, usingoje Juni kwa kuogopa baridi. Juni miti imejaa majani: ndege utamsikia, hutamuona, na wengi huwa wamepunguza kuimba. Machi ni ya maua ya dafodili ya manjano ukingoni mwa mto, basi. Maua na ndege hukutana mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei.

Mto Severn umeuzunguka mji karibu wote, imebaki shingo tu ya nchi kavu, kwa hivyo mtu wa kisiwani hapotei huku. Tutapita bustani ya Quarry, kando ya mto, kunapopambazuka, saa kumi na mbili kasoro, kabla ya mbwa na wenye kukimbia. Mvua kubwa ikipiga milima ya Wales mto hufurika, na njia haipitiki.

Barawai, yaani mbayuwayu, watakuwa wamefika, wakiwinda wadudu chini chini juu ya maji. Wa huku wengi hukaa Afrika Kusini wakati wa baridi, kwa hivyo si lazima wawe wale wa nyaya za Mwembe Tayari. Tazama koo jekundu lililoiva na nyuzi mbili ndefu za mkia. Mwenye baka jeupe kiunoni na mkia mfupi ni jamaa yake tu. Mweusi mwenye mbawa kama mundu hufika Mei. Huyo hatui kwenye waya kamwe.

Blubeli, yale maua ya buluu, ziko msituni. Ile ya asili hukunja shingo, maua yakaning'inia upande mmoja. Inanukia, na chavua yake ni nyeupe ya maziwa. Ya Kihispania husimama wima, maua pande zote, chavua ya buluu, harufu hakuna ya maana. Watunza bustani ndio walioileta, nayo inachanganyika na ya asili. Usitoke njiani: jani likikanyagwa halilishi tena tunguu lake la chini ya udongo, na shina hudhoofika miaka. Kuling'oa tunguu bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya 1981, kwa hivyo shangazi asiagize la kupanda.

Darubini usinunue, ipo ya kukuza mara nane. Leta sweta nzito na viatu visivyopenya maji. Asubuhi huwa nyuzi 4 au 5. Nambie tarehe mapema niombe ruhusa kazini.

Mwanao