Kwa maluteni usu wapya: mnawajua watu wenu gizani?

Vijana wangu,

Mmetunukiwa kamisheni, nyota moja inang'aa begani. Kwa cheo ningewapigia saluti. Kwa umri ninyi ni wajukuu zangu, basi mtanivumilia. Nilistaafu nikiwa sajini.

Ramani mnaijua, shabaha mnayo, kwata mmepiga kwenye chuo cha maofisa Monduli hadi buti zikalia. Mimi nauliza jambo dogo tu: saa nane usiku, mvua inanyesha, unajua kila askari wa platuni yako alipo?

Lukaya, nchini Uganda, Machi 1979, vita vya Kagera. Brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa hawajazoea vita, ilimiminiwa makombora ya Katyusha na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Makombora yalipita juu yakaangukia mbali. Hata hivyo watu walitawanyika, wengine wakajitosa kwenye kinamasi kando ya barabara ya Masaka. Usiku wakakusanywa, na alfajiri wakashambulia kutoka mbele huku Brigedi ya 208 ikitokea upande wa Kampala. Lukaya ikarudi mikononi mwetu.

Hapo kwenye "wakakusanywa" ndipo ninapotaka mkae. Unawakusanyaje watu gizani, matopeni, taa hairuhusiwi, kupaza sauti hairuhusiwi? Unapapasa bega, unanong'ona jina. Usiyemjua jina utamwitaje? "Wewe"? Kila mtu ni wewe.

Luteni mmoja niliyekuwa chini yake alitukagua miguu kabla ya silaha. Kila tukisimama kwenye mwendo mrefu alipiga magoti, akashika kisigino chako, akabonyeza lengelenge kwa kidole gumba: "Hili la jana au la leo?" Mwingine alizoea kula wa kwanza. Ajabu, ikipangwa doria yake nusu ya seksheni huumwa matumbo.

Ukitoa amri, mwambie koplo airudie kwa maneno yake mwenyewe. Akikujibu "nimeelewa, afande" na kunyamaza, hajaelewa. Hilo ni jibu la kuruta. Chora chini kwa kijiti, mto huu hapa, lindo lile pale, naye akuoneshe atapita wapi na atarudi kwa njia ipi.

Na sajini wako, msikilize. Amekutangulia jeshini miaka mingi, anajua nani hajalala kwa sababu mtoto wake anaumwa. Muulize pembeni, si mbele ya askari. Ukishaamua, uamuzi ni wako; ukiharibika usimtupie yeye. (Hili nalisema kwa uchungu, yalinikuta.)

Leo kabla ya kulala chukueni karatasi, mwandike majina ya platuni nzima bila kutazama orodha, na mbele ya kila jina, analala upande gani wa hanga, bweni lenu la askari. Mkikwama kwenye la kumi na tisa, vaeni buti, mwende mkamtafute.

Babu yenu,
Sajini mstaafu