Risala ya wanafunzi wa maabara ya mawasiliano ya vyombo vya anga kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwanza asante sana kwa kuja, tunajua una majukumu mengi.

Kazi yetu hapa ni kujaribu mawasiliano ya vyombo vya anga kabla havijaruka. Chombo chenyewe hatuna, tuna redio mbili, kebo, kidude cha kupunguza nguvu ya mawimbi mpaka yawe hafifu kama yametoka mbali, na katikati kompyuta ya kuchelewesha ujumbe. Sayari ya Mars ikiwa mbali kabisa na dunia ujumbe unachukua kama dakika 22 kwenda tu, kurudi bado, sasa siku ya kwanza tukaweka hizo dakika tukatuma picha moja kwa njia ya kawaida ya intaneti, aisee haikuondoka hata kipande, programu inabisha hodi, inasubiri kuitikiwa, kimya, mwisho ikakata tamaa. Tukahamia DTN, yaani mtandao unaovumilia kuchelewa, huo kila kituo kinatunza mzigo mpaka njia ifunguke ndo kinausukuma mbele. Picha ikafika nzima, tulishangilia sana.

Lakini mgeni rasmi, kuna jambo linatunyima usingizi. Chombo cha anga Cassini kiliruka 1997 kimebeba chombo kidogo, Huygens, cha kushuka Titan, mwezi wa sayari ya Zohali (Saturn), kumbe kipokezi cha Cassini hakikuwahi kujaribiwa sawasawa na mwendo halisi wa vyombo viwili vinavyokaribiana. Kwenye mwendo ule data inaingia kwa kasi iliyobadilika kidogo tu, na kipokezi kinaipoteza. Mwaka 2000 injinia wa ESA, shirika la anga la Ulaya, Boris Smeds, ndo aligundua kwa kutuma mawimbi ya majaribio toka duniani, chombo kishaondoka, na programu ya kile kipokezi haibadilishiki kwa mbali. Ikabidi wabadilishe njia ya Cassini yenyewe, ili ule mwendo wa kukaribiana upungue! Huygens ikatua salama tarehe 14 Januari 2005 na data ikapatikana, ila fikiria wangechelewa kugundua.

Na sisi leo redio zetu zimetulia mezani, hazisogei, kwa hiyo kosa lile lile tungelipitisha bila kujua. Ombi letu ni moja, kifaa cha kuiga mabadiliko ya masafa ya mawimbi (frequency) na ya kasi ya data yanayoletwa na mwendo kasi. Kebo tutaendelea kuziunga wenyewe.

Baada ya hapa tunaomba usogee mezani ubonyeze kitufe cha kutuma, picha yako tutaipokea baada ya dakika 22.

Tunaomba kuwasilisha.